Kikopo Kisipoe

Tumbo lilianza kumsumbua fundi baiskeli wiki ya pili baada ya kumzika mkewe. Akajikaza kisabuni, mpaka siku alipoona damu kwenye choo. Hapo akajipeleka zahanati, akapewa kikopo, akaingia choo cha uani, akamaliza.

Alipotoka, akasimama ghafla. Kwenye benchi nje ya maabara alikaa mkwe wake, mama wa mke wa mwanawe. Mwanamke nadhifu, nguo imenyooka kama imetoka kwenye pasi sasa hivi. Miaka yote fundi hajawahi hata kupiga chafya mbele yake.

Akajirudisha nyuma ya tangi la maji, kikopo kakifunika kwa kofia. Akangoja, akangoja. Mkwe alipoitwa kwa daktari, ndipo akajipenyeza maabara.

Mpimaji, binti wa umri wa mjukuu wake, alichungulia kwenye darubini, akachungulia tena. Akagusa kikopo.

"Babu, hiki umekitoa saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, mwanangu."

"Sasa hivi gani, na kimepoa hivi?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Nadhani ni amiba," binti akasema. "Ila mdudu huyo mimi namjua kwa mwendo. Akiwa na joto la mwili anatambaa, ananyoosha mguu, anajivuta. Akipoa anajikunja, anatulia tuli. Sasa hapa naona vidude vya mviringo tele, sijui kipi mdudu, kipi taka. Siwezi kukupa dawa kwa kubahatisha. Niletee kingine, cha moto. Na njiani usisimame kupiga soga."

Kupata kingine hakukuwa kazi; tumbo lenyewe lilikuwa tayari. Kazi ilikuwa kurudi. Mkwe alishakaa tena kwenye benchi, na safari hii alimwona. Akasimama, akanyoosha mkono.

"Mkwe! Pole na msiba, baba. Hatujaonana tangu siku ile. Watoto hawajambo? Na wewe mwenyewe je?"

Salamu za mkwe huwezi kuzikatiza tu. Lakini chini ya kofia kikopo kilikuwa bado na joto, na fundi alihisi kila swali likila joto hilo.

"Niwie radhi, mkwe," akasema. "Nimeshika choo. Kikipoa hakipimiki."

"Mpisheni basi, jamani," akasema mzee mmoja mwenye fimbo. "Mzigo wa moto huo."

Mtu akachekea puani. Fundi akapita masikio yakimwaka, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Mpimaji akainama kwenye darubini, kisha akamwita naye aangalie. Fundi akaona kitu kama tone la maji, kinajiburuta chenyewe, polepole, hakina haraka na mtu. Alidhani angefurahi. Alijionea kinyaa tu.

"Ndiye huyu," binti akasema, akamwandikia dawa.

Nje, mkwe alikuwa anamngoja. Hakucheka. Wakatembea hadi langoni, fundi hatua moja nyuma.

"Maji ya kunywa nani anakuchemshia, baba?"

Swali hilo ndilo lililomvua nguo kuliko kikopo. Maji alikuwa akichemsha marehemu, kila jioni, na yeye hajawahi kujua hata kwa sufuria gani.

"Nakunywa ya ndoo," akasema. "Hivyo hivyo."