Maji ya Mama Mkwe Bado Sijayapima

Admin, ficha jina langu na usitaje hospitali ninakofanya kazi, maana huku Machakos kila mtu anamjua mwenzake. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa upande wa Kathiani, nina mtoto mmoja. Kazi yangu ni ya maabara katika hospitali ya serikali. Leo ni siku yangu ya kupumzika lakini tangu asubuhi sijakaa kitako. Nimefua nguo, hata zilizokuwa safi. Nimepanga vyombo, nikavipangua. Haya naandika nikiwa nimesimama jikoni.

Niwaeleze kwanza kuhusu hiyo kazi. Kwa miaka mingi maabara yetu ilikuwa ya kupima malaria, mimba na sukari. Mtu akija anaharisha vibaya, tulichukua choo chake, tukakifunga, tukakituma Nairobi na kungoja. Majibu yakifika, mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Kila kitu kikaitwa taifodi, maisha yakaendelea. Mwaka huu tumeletewa mashine ya kukuzia vimelea, tukafunzwa kuitumia, na sasa tunajua wenyewe, hapa hapa, kabla ugonjwa haujasambaa. Siku tuliyofungua yale maboksi niliimba. Hata kwa mama mkwe nilienda kuringa, nikamwambia sasa hakuna ugonjwa utakaotupita.

Mama mkwe, au mwaitu tunavyomwita, yaani mama, ananipenda, sitadanganya. Nilipojifungua alinikanda kwa mikono yake, kisha akanilelea mtoto ili nirudi kazini. Kwao mto ukikauka, wanawake huchimba visima kwenye mchanga na kuvizungushia miiba. Yeye na wenzake wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi, walibeba mawe mgongoni wakajenga ukuta wa kuzuia mchanga usibebwe na mafuriko, na tangu hapo maji ya kisima chao hayajawahi kukatika. Kisima kile watu wanakiita kwa jina lake. Na maji yake hayachemshwi. Ukiuliza unajibiwa, "Mchanga umechuja, unataka nini tena?"

Juzi juzi ilikuwa ntheo ya wifi yangu, ile sherehe ya posa, wakwe wakaleta mbuzi, watu wakala wakashiba. Walikunywa maji ya kisima, na juisi iliyochanganywa kwa maji hayo hayo. Mimi nilikunywa soda, si kwa akili, ni kwa maringo tu. Baada ya siku chache wageni wakaanza kuletwa hospitali, wengine wamebebwa, macho yameingia ndani. Nikapanda sampuli za choo chao kwenye sahani za kukuzia vimelea. Nilipotoa sahani kwenye mashine niliona madoa ya manjano, nikarudia kipimo nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Kilikuwa kipindupindu.

Ripoti nilitoa, hilo sikulificha. Afisa wa kufuatilia magonjwa akaenda Kathiani kuuliza watu walikunywa maji gani. Wote, utadhani wamefanya mazoezi ya kwaya, wakasema ni ya tangi la kanisa. Tangi likapimwa, likawa safi. Basi lawama ikamwangukia mama mmoja anayeuza matunda ya kukatwa sokoni, kwa kuwa baadhi ya wageni walipitia kwake. Wamemfungia kibanda. Nilimkuta amesimama nje akiwaambia wapita njia, "Si hata mimi nimekula hiyo matunda? Si niko mzima?" Hakuna aliyesimama kumsikiliza. Nami nikapita, nikijifanya nasoma simu.

Mume wangu anafanya kazi kwenye viwanda vya EPZ na huja nyumbani wikendi. Nilimuuliza kwa nini walidanganya.

"Ulitaka tuseme nini?" akasema. "Ati mwaitu amewapea watu sumu? Hiyo kisima ikifungwa, yeye atatokea mbele ya watu aje?"

Nikamwambia kupima maji si kumshtaki mama yake. Maji yakitiwa dawa, kisima kitafunguliwa.

"Sawa. Peleka hiyo maji kwa maabara yako," akasema. "Halafu utafute pahali pa kuishi."

Nilikasirika, nikatoka nje. Nilichofanya ndicho kinachonitesa. Nilienda kwa mama mkwe nikamchukua mtoto wangu aliyekuwa akikaa huko, nikasema eti nina hamu naye. Kisha nikateremka mtoni kana kwamba naenda kunawa, nikajaza chupa. Sasa mtoto wangu yuko hapa anacheza. Watoto wa wenzangu niliwaacha kule kule, na wala sikumwambia mtu neno.

Chupa nimeifunga ndani ya mfuko, iko juu ya kabati. Nikiyapima maji yale, majibu si yangu tena, yanaenda kaunti na kisima kinafungwa. Nikiyamwaga, basi ni heri tungebaki tu na taifodi yetu, hiyo mashine ni ya nini?

Asubuhi hii mama mkwe amenipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwana wakwa, mtoto ulimtoa mbio hivyo kwa nini? Kuna kitu nimekukosea?"

"Hapana, mwaitu."

Hakuridhika. "Kama kuna kitu umeona kwa hiyo mashine yako, si ungeniambia mimi wa kwanza? Hata saa hii nimejazia hawa watoto wa jirani chupa zao za shule."

Nikadanganya kwamba kuna mtu mlangoni, nikakata simu. Mume wangu ameonya, na namjua, hatanii. Ndoa yangu naipenda. Mama yake nampenda pia, na simu yake imenivunja zaidi ya vitisho vya mwanawe.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msiniambie niombe, nimeshaomba. Niambieni tu: nimpigie mama sasa hivi nimweleze yote, au nibebe hii chupa niende kazini leo leo bila kumuaga mtu? Mnijibu upesi jamani. Mapumziko ya shule ni saa nne, na wale watoto watafungua chupa zao wanywe.