Herufi Moja kwa Ncha ya Kidole

Kibodi ile ilinitia kinyaa tangu siku ya kwanza. Chuo chetu cha kompyuta pale Mjambere kilikuwa juu ya mkahawa, na wenzangu walipanda ngazi na sahani za viazi karai, wakila huku wanachapa. Ukwaju umegandamana kwenye vitufe, mafuta yanang'aa, kati ya herufi mna makombo na sisimizi. Mbaya zaidi alikuwa msichana wa meza ya dirishani, aliyelamba vidole kisha akaendelea kuchapa. Ptu! Hata sasa nikikumbuka nasikia kutapika.

Tulikuwa tunajifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mtihani wa mwisho ulikuwa kuandika programu inayouliza jina, kisha umri, halafu inavionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Mmoja wetu angeajiriwa ofisi ya mizigo Changamwe, kusajili madereva. Kazi ile niliitaka kufa na kupona. Nilikuwa nimechoka kumfulia wifi yangu nguo ili nipate pa kulala.

Basi programu naiandika nyumbani kwenye daftari, chuoni naichapa upesi kwa ncha ya kidole, pumzi nimebana. Nikiijaribu, kwenye jina nabonyeza A peke yake, kwenye umri tisa. Inajibu sawasawa, nami huyo, mbio kunawa. Miezi mitatu hivyo hivyo.

Siku ya mtihani akaja mama mmoja kutoka ile ofisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe."

Akapangusa vitufe kwa kitambaa chake. Programu ikamuuliza jina. Naye mtu wa pwani, akiulizwa jina hatoi nusu: akaandika lake, la babake na la babuye, akabonyeza Enter.

Lo! Umri haikungoja hata auandike. Amri niliyotumia, scanf, husoma mpaka penye nafasi kati ya neno na neno, hapo inakoma. Jina la babake likaangukia kwenye swali la umri, lililotaka nambari. Nambari isipatikane, programu ikaokota yoyote iliyosalia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kioo kikamwambia ana miaka elfu thelathini na mbili.

"We mwana, hujapata kuandika hata jina lako kamili hapa?"

Wallahi, sikuwahi. Nilijichukia kuliko nilivyoichukia ile kibodi.

Kazi akaipata yule wa dirishani, aliyeijaribu programu yake kwa majina ya ukoo mzima, vidole vinachuruzika mafuta. Mimi nikarudi kwa wifi, kwenye beseni la nguo, na mikono yangu misafi.