Haikuwa Mikate, Ilikuwa Ugali

Nimekasirika, rafiki yangu, na sitaki uniletee maji ati nipoe. Kaa hapo kwa hiyo kigogo, nikwambie.

Jumapili nilirudi nyumbani kuona kogo. Nyanya ndio sisi Kipsigis tunaita kogo. Amezeeka sana, meno imebaki tatu na hazionani, lakini kanisa hakosi. Anapanda mlima na fimbo yake mpaka kanisa ya kampi ya chai. Anapenda kuimba. Mahubiri hajui wanasema nini, kwa sababu pale wanahubiri Kiswahili. Watu wa kampi wametoka kila pahali, wengine upande wa ziwa, wengine milima ya Kisii, na Kiswahili ya kogo ni "jambo" na "chumvi" peke yake. Kwa hivyo mimi nakaa karibu na sikio lake, namwambia kwa lugha yetu.

Sasa mzee wa kanisa akasimama. Zamani huyo alikuwa nyapara wa kampi, siku hizi ana koti na Biblia. Akahubiri unyenyekevu. Mtu ajishushe, mtu asijisifu, vizuri kabisa, hata mimi nikasema amina. Halafu akapiga kifua, akasema, "Kama mimi. Mwaka ule wa nzige, watoto walikuwa wakilia njaa hapa kampi, nani aliwalisha? Sitaki kujisifu. Nilichukua mikate, nikavunja kwa hii mikono, nikagawa!"

Mikate! Damu ilipanda mpaka nikaona kanisa nyekundu. Nikaanza kusimama. Lakini ngoja, kwanza ujue kwa nini.

Wakati ule nilikuwa na miaka kama tisa. Hii chai unaona leo kama mkeka wa kijani mpaka Litein haikuwa hivi. Ilikuwa imepandwa juzi tu, inafika magoti, na katikati yake visiki vya msitu bado vinatoa moshi. Asubuhi ukungu na moshi zinachanganyika, huoni ng'ombe yako mpaka akupumulie shingoni. Kule kampi walikuwa wanagonga kipande ya chuma kuamsha watu, ngeng ngeng ngeng, na jogoo wetu alikuwa anakasirika kwa sababu wamemshinda.

Kazi yangu ilikuwa vibuyu. Unaosha kibuyu, unachoma kijiti ya mti wa senetwet mpaka iwe kaa, unasugua ndani mpaka mkono inakuwa nyeusi, ndio maziwa ikae, igande, iwe mursik tamu. Kogo alikuwa anachungulia ndani na jicho moja. Akiona ukoko wa maziwa ya zamani ananirudishia. Alisema, "Kibuyu yenye imejaa jana haiwezi kubeba leo." Mimi nilisema ndio kogo, na moyoni namtukana.

Nikimaliza, napeleka maziwa kwa Bwana Mikate.

Huyo alikuwa mzungu, lakini wazungu wengine hawakumhesabu sana. Alikuwa Myahudi. Duka yake ilikuwa ya mabati, kando ya barabara ya magari ya ng'ombe, na nyuma kulikuwa na tanuri ya matofali. Harufu ya mkate yake, ndugu yangu, ilikuwa inakushika pua huko mtoni inakuvuta kama ng'ombe. Alikuwa na ndevu yenye unga, huwezi kujua gani ni mvi na gani ni ngano. Hakuwa na mke. Akiniona anasema, "Wewe toto ya maneno mingi, ingia," na ananipa mkate wa moto. Ule ukoko wa juu ulikuwa unalia kwa meno.

Kila mwaka mvua kubwa ikianza, alikuwa na sikukuu. Ni ile ya watu wao kutoka Misri, siku nane. Siku hizo mkate umefura ni mwiko, hata chembe haitakiwi. Nilimkuta amepiga magoti na mshumaa na unyoya wa kuku, anafagia chini ya meza, na mimi nikamuuliza kama amepoteza pete.

"Natafuta hamira," akasema. "Na kiburi."

"Kiburi iko chini ya meza?"

"Yangu, ndio. Inajificha sana." Akakaa chini kabisa kwa sakafu, akanionyesha kipande ya mkate ya siku hizo, nyembamba kama chapati imekanyagwa na gari. Nikauma. Ilikuwa kama kutafuna mbao. Akasema, "Unga ni ile ile. Maji ni ile ile. Hii nyingine kubwa, tofauti ni upepo tu. Hamira inaingiza upepo, mkate inasimama, inasema, niangalie mimi! Mtu pia hivyo. Akijaa yeye mwenyewe chumba mzima, mgeni atakaa wapi?"

Mimi nikamwambia, "Basi nyapara ni mkate mkubwa sana."

Alicheka mpaka mshumaa ikazimika. Halafu akasema, pole pole, "Toto, huu mshumaa ni ya kutafuta kwa nyumba yangu. Ya nyapara, atatafuta yeye."

Hiyo sikuipenda. Hata leo siipendi.

Sasa, huyu mtu alikuwa na duka ya mikate. Stoo ilikuwa imejaa magunia ya unga wa ngano na mikebe ya biskuti. Atatupa zote? Hapana, watu wao wana desturi. Mtu anauza vitu vyote vya hamira, hata unga, kwa mtu si Myahudi kabla ya sikukuu. Siku nane hizo si vyake, hata kwa moyo si vyake. Sikukuu ikiisha, ananunua tena. Miaka ya nyuma alikuwa anauzia mzungu wa posta. Mzungu anaweka ufunguo kwa mfuko, siku ya tisa anaurudisha, wanacheka, wanakunywa. Mwaka huo mzungu wa posta alikuwa amekwenda likizo Ulaya. Wazungu wengine walimcheka tu. Kwa hivyo akakuja kwetu, na viatu vimejaa matope, akasimama nje mbele ya kogo kama mtu anakuja kuposa.

Mimi ndio nilikuwa katikati, Kiswahili huku, Kipsigis huku.

"Mwambie mama, nataka nimuuzie vitu vya stoo yangu. Anilipe kibuyu moja ya mursik."

Kogo akaniangalia. "Huyu ni mgonjwa?"

Nikamwambia, "Kogo anauliza kama wewe ni mgonjwa."

"Mwambie hapana."

Kogo akasema, "Muulize itakuwa yangu kweli? Si mchezo ya wazungu?"

Bwana Mikate akaweka mkono kwa kifua. "Yako kweli kweli. Nikisema yako na moyo inasema yangu, mimi nimedanganya Mungu."

Kogo akaingia ndani, akaleta kibuyu yake nzuri, ile ya shanga. Bwana Mikate akampa ufunguo. Kogo akaufunga kwa kamba ya shingo, akaendelea kumenya mboga.

Siku ya tatu ya sikukuu nzige walikuja. Rafiki, usiniambie umeona nzige. Jua ilizimika mchana. Matawi ya miti yalivunjika kwa uzito. Walikula mahindi, wakakula wimbi, wakakula nyasi mpaka ng'ombe wakawa wanalamba udongo. Chai waliacha, walionja wakatema. Na kule kampi watu walikuwa wanangojea posho, gari ya ng'ombe imezama kwa matope upande wa huku ya Sotik, hakuna kuja. Siku mbili watu wakakaza mikanda. Siku ya tatu watoto wa kampi waliacha kulia, wakanyamaza tu, na huko kunyamaza ndio kulimtoa kogo nyumbani.

Alisimama kwa mlango akasikiliza. Akashika ule ufunguo shingoni. Akaniuliza, "Ile kitu ya mzungu, alisema ni yangu?"

"Alisema kweli kweli."

"Leta ile chungu kubwa."

Hakuuliza mtu. Alifungua stoo, akaita wamama wa kampi, wa ziwa na wa Kisii na wa kwetu, wakawasha moto pale pale mbele ya duka. Lakini nani alijua kuoka? Hakuna. Kogo akapika vile anajua: maji ikachemka, akamwaga unga, akasonga. Ugali ya ngano! Umewahi? Inavutika kama gundi. Inashika vidole, inashika meno ya juu na ya chini, mtu anataka kusema asante anasema mmm. Nilicheka mpaka nikaanguka. Halafu nikakula kama fisi.

Sasa sikiliza, hapa ndio hasira yangu ilizaliwa.

Nyapara akakuja mbio na askari wa kampi, na kiboko kwa mkono. "Mwizi! Huyu mama amevunja stoo ya mzungu! Mfunge!" Askari akashika kogo mkono, hapa juu ya bangili. Mwiko ikaanguka kwa majivu. Watu wote wale walikuwa wanakula, hakuna hata mmoja alifungua mdomo. Unasema ni ugali iliwashika? Hapana, ilikuwa woga. Tumbo imejaa unga wa kogo, na macho iko chini.

Bwana Mikate akatoka nyuma. Akaona moto. Akaona mlango wazi na magunia yamelala kama ngozi. Uso wake ukawa nyekundu, halafu nyeupe.

Nyapara akasema, "Bwana, nimemkamata! Sema tu, leo analala jela."

Alinyamaza. Nilihesabu pumzi yake, saba. Nakwambia, hizo pumzi saba sijamsamehe mpaka leo, na huyo ndiye nilimpenda. Nikamrukia kwa aproni, nikapiga kelele, "Si ulisema kweli kweli? Ama ulidanganya Mungu? Sema! Upepo imekujaa?"

Watu walishtuka. Toto mweusi kumwambia mzungu hivyo, nyapara akainua kiboko. Bwana Mikate akaishika ikiwa hewani.

"Unga ni ya nani?" askari akamuuliza.

"Ya mama," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, kama inatoka kwa kisima. Akasema tena, kubwa kidogo. "Ya mama. Alinunua. Mwachilie mkono."

Basi. Kogo akaokota mwiko, akapangusa majivu, akaendelea kusonga. Na Bwana Mikate? Kukula hawezi, ni mwiko wa sikukuu. Kukaribia chungu hataki. Alikwenda nyuma akaleta kuni, akaziweka mbali kidogo, akarudi kuleta zingine. Siku mbili alibeba kuni, mpaka posho ikafika. Na nyapara alipanga laini ya ugali mara mbili. Nilimwona na haya macho. Mara ya pili alibadilisha kofia.

Sikukuu ilipoisha, kogo alipeleka ufunguo, na mimi nyuma yake. Stoo ilikuwa tupu, panya mmoja amekaa katikati kama chifu. Kogo akamwambia, kupitia kwangu, "Mwenye anarudisha chombo harudishi tupu. Lakini hii imenishinda." Bwana Mikate akaketi juu ya mkebe tupu ya biskuti, akaanza kucheka, na machozi inatoka. Akasema, "Mwambie mama hivi. Miaka yote nimeuza hamira yangu kwa karatasi, siku ya tisa inarudi vile vile, na mimi vile vile. Mwaka huu ndio nimeuza." Akampa kogo kibuyu yake ya shanga, ameiosha. Kogo akachungulia ndani na jicho moja, akaitikia na kichwa. Mimi hajawahi kuniitikia hivyo.

Hakumaliza mwaka. Duka bila unga ni nyumba ya panya. Wazungu wenzake walisema ana wazimu. Siku moja tulikuta mlango imepigwa misumari. Hakuna mtu wa kampi alimsindikiza, hata wale meno yao yalikuwa yameshikana kwa unga wake. Wengine walisema, Myahudi mjinga, amelishwa hasara na nyanya. Mabati iling'olewa, tanuri ikabomolewa, matofali yake ndio msingi ya hiyo kanisa, na pale pa duka ni chai, laini baada ya laini. Nimepita hapo nikinusa kama mbwa. Hakuna kitu. Harufu ya majani tu.

Sasa turudi kwa benchi. Nimesimama nusu, ngumi imekunjwa, nataka kumwuliza yule mzee mbele ya Mungu ile kofia ya pili alipeleka wapi. Kogo akanivuta sketi.

"Anasema nini?"

"Anasema mwaka wa nzige ni yeye alilisha watu! Ati na mikate!"

Kogo akatafuna hiyo na meno yake matatu. "Anasema walishiba?"

"Anasema walishiba, lakini kogo..."

"Walishiba. Hiyo si uongo. Kaa chini, unanizibia wimbo."

Nikakaa. Wakaimba. Sauti yake ilikuwa imekatika katikati, anapotea anarudi, anapiga makofi nyuma ya watu wote, na yule mzee wa kanisa huko mbele alikuwa anamtabasamia kama mtu anatabasamia nyanya wa wenyewe. Hakumkumbuka. Nakwambia hakumkumbuka kabisa!

Najua Bwana Mikate angesema nini. Angenipa mshumaa na unyoya, aniambie nikafagie kwangu. Nimefagia, rafiki, nimefagia na nimeiona hamira yangu, iko pale kwa kona, imefura vizuri. Lakini haikuwa mikate. Ilikuwa ugali, na aliyesonga alikuwa kogo, na mimi nilikuwa pale.