Siku Baba wa Rebeka Alipotaja Wazee Wake

Jumamosi, mwezi wa nne, 2015. Buffalo. Asubuhi mvua, mchana theluji nyepesi isiyotaka kukaa chini.

Mwanangu, siku hiyo ningali nayo moyoni. Kwa umri nilikuwa mtu mzima, tena mjane. Lakini kwa nchi ya Amerika nilikuwa binti mdogo, hata kupanda basi peke yangu naogopa. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo nikichanganya mambo, nisahihishe taratibu.

Tulikaa Columbus, upande wa Hilliard, na kijana wangu Yona alifanya kazi ghalani. Akampenda Rebeka, binti Mzungu wa Buffalo aliyekuja kwetu kusomea uuguzi. Nami nilimpenda, maana alikula sombe, majani ya muhogo ya kwetu, bila kukunja uso. Lakini kwetu Uvira kijana hajiombei mke. Wanakwenda wazee. Na mzee wetu, tangu mume wangu afariki, alikuwa shemeji yangu Elia wa Louisville.

Nilipompigia simu akauliza, "Hao ni watu wa nani?"

Nikamwambia baba mtu anaitwa Walter, mstaafu, mtu wa kanisa.

"Na babu yake?"

Nikamwambia yote niliyoyajua. Tulikuwa tumemwuliza Walter mwenyewe, akajikuna kichwa, akasema babu yake alikuwa fundi wa reli, na huko nyuma walikuwa Waingereza. Basi.

"Bon, Mama Yona," akasema Elia. "Miye siwezi kwenda kuomba mke kwa mutu asiyejua mahali ametoka. Kesho watoto wakigombana, neno nitalipeleka kwa ukoo gani?"

Nisimwonee shemeji. Wako waliosema anawabagua Wazungu. Sidhani, angesema vilevile kwa mtu wa Bukavu. Nilipokuwa msichana, babu yangu hakuturuhusu kugusa ugali mpaka tutaje wazee wetu mmoja mmoja. Ukisahau, wenzako wanakula, wewe unatazama. Tulikua tukiamini kwamba asiyetaja wazee wake hana kwao. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini Walter hakuacha, hakuambiwa. Methali ya mtu wa namna hiyo sikuijua, na mpaka leo naitafuta.

Yona alisusa kula. Rebeka alilia. Walter, ambaye angeweza kukasirika na nisimlaumu, alisema tu, "Nipeni majira haya ya baridi, baridi hii moja tu, niwatafute wazee wangu."

Mwezi wa pili Yona alinipeleka kwake Cheektowaga, kando ya Buffalo. Meza ya chakula ilikuwa imefunikwa karatasi tupu, hata pa kuweka kikombe hapakuwepo. Akanieleza kwa subira, watoto wetu wakinitafsiria. Huko Uingereza, kila baada ya miaka kumi, watu wa sensa walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amelala humo, umri wake, kazi yake, na alikozaliwa. Ukishajua alikozaliwa, unakwenda kwenye vitabu vya parokia ya pale: ubatizo, ndoa, maziko. Unarudi nyuma polepole, kama anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Na mwanzoni alifuata ng'ombe wa jirani! Alipata mtoto mwenye jina la babu wa babu yake, akafurahi, akaufuata ukoo wake mpaka juu, ndipo kitabu cha maziko kikamwambia mtoto yule alikufa kabla hajaota meno.

"Nilikuwa nimejipachika kwenye ukoo wa watu," akasema, tukacheka wote. Akaanza upya.

Halafu akaacha kucheka. Babu wa babu yake wa kweli, Wiliamu, alikuwa amebatizwa kwa jina la mama tu, Sara. Mahali pa baba palikuwa tupu.

"Ruka hapo," Yona akasema upesi. "Weka jina lolote. Baba mukubwa hatakwenda Uingereza kuangalia."

Walter akanitazama mimi. Nikasema, "Ukoo ni wako, Baba Rebeka." Sijui kama hiyo ilikuwa hekima au woga.

Basi ikafika Jumamosi ile. Elia alikuja kutoka Louisville na suti yake ya Pasaka, tukapanda naye gari mpaka Buffalo, wazee wawili wa kanisa na wifi yangu Furaha nyuma. Baada ya sala, Elia akataja wazee wetu tisa kwa pumzi moja. Akakaa. "Sasa wenyeji."

Walter akasimama bila karatasi. Sisi sote tulijua: kama angekwama, Elia angeomba radhi, angevaa koti, na Yona angekosa mke.

"Mimi ni Walter, mwana wa Haroldi, mwana wa Ernesti, mwana wa Joji, aliyevushwa bahari akiwa mtoto. Joji ni mwana wa Wiliamu." Akamtazama Elia machoni. "Wiliamu ni mwana wa Sara. Baba yake hakuandikwa. Nimemtafuta sikumpata, na sitamtunga."

Yona alitafsiri kwa sauti ya kuzama. Furaha akaguna, "Ee! Kumbe mtoto wa nje ya ndoa!" Akacheka.

Elia akageuka na kiti chake. "Ni nani anacheka? Ni weye, Furaha? Donc, munafikiri ule wa tano niliyemutaja alikuwa na baba? Alizaliwa kwa mama yake, wajomba wakamulea, wakamupa jina, na weye leo unalitembeza hapa na kilemba! Ukoo haukukatika. Ulipitia mulango wa jikoni." Kisha akamwelekea Walter, sauti ikalainika. "Baba, endelea. Sara ni binti wa nani?"

Na Walter alikuwa nao, mwanangu! Alikuwa amewatafuta hata bila kuombwa. "Binti wa Tomasi, seremala. Tomasi mwana wa Robati. Robati mwana wa Tomasi mwingine. Tomasi mwana wa Henri. Kitabu cha parokia kinaanzia hapo."

Elia alikuwa anahesabu kwa vidole, vikamwishia. "Kumi! Jamani, batu hawa bametupita!" Akasimama, akamkumbatia Walter hadi miwani ikadondoka. Furaha ndiye aliyeanza vigelegele, lazima nimpe haki yake, nasi tukavipokea mpaka jirani akatoka nje kwenye theluji kuuliza nani ameshinda.

"Ni sisi!" Rebeka akamjibu.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, uipime mwenyewe. Nenda ukaulize wazee wako wangali wana meno ya kujibu. Ukikuta pengo, usilizibe kwa uongo, bali pita kwa mama. Huko nako kuna wazee. Na usimcheke asiyejua kwao, huenda hajapewa baridi moja ya kutafuta.

Mungu akupe jina la kutajwa na watoto wasioona haya, na waje wakutaje wakiwa wameshiba.

Jioni tulikula ugali na sombe, na mabawa ya kuku ya Buffalo yenye pilipili, ambayo Elia aliyala mpaka akatokwa machozi.