Chatu wa Ghalani Alipoumwa Kifua

Tulikuwa watatu: mimi, bibi mzaa mama, na mjomba, mwanawe bibi, aliyefuga chatu mdogo ale panya ghalani. Leo mjukuu wangu kafukiza udi, nami nikajiona mtoto tena, kijijini kwetu Kidichi. Siku hiyo chatu kashikwa na kifua, kinywa wazi, kamasi zinamtoka, pumzi zinalia kama birika. Bibi akaleta chetezo cha kufukizia udi, amfukize kama anavyofukizwa mzazi aliyetoka kujifungua.

“Mama, moshi utamuua!” mjomba akasema.

“Wewe nlikufukiza, mbona hukufa?”

Chatu akazidi kukoroma. Bibi akakitoa chetezo upesi, akaniwekea chatu mapajani, akatufunika kanga zake mbili. Chatu alikuwa baridi, laini. Nikasinzia. Nlipoamka hakoromi tena. Nikadhani kafa, nikalia, ndipo ubavu wake ukapanda taratibu mkononi mwangu. Hivyo ndivyo nnavyokumbuka. Anayejua vyengine anisahihishe.