Mimi mzima, wamenibeba

Leo wanawake wa Kibiti wamenibeba juujuu kama jeneza, nami niko hai.

Nimepasuliwa moyo juzijuzi. Daktari wa mazoezi kasema nikitembea hadi msikitini na kurudi bila kuhema, ruhusa kwenda kwangu Mbuchi.

Basi nimefika msikitini. Sihemi. Wakati wa kurudi, Zuhura, jirani wa hapa Kibiti kwa wanangu ninakouguzwa, kaniona.

“Mgonjwa wa moyo anatembea juani? Wanao wamekutupa?”

“Niache, shoga. Ndiyo dawa yenyewe.”

Wapi. Kaita wenzake, wakanibeba mpaka kitandani.

Mume wangu yuko peke yake shambani Mbuchi, juu ya dungu, jukwaa la miti, anaamia ndege wasimalize mpunga. Kila mwaka tunapokezana kupiga kelele. Sasa nani anampokea?

Kesho natembea tena. Mkiniona njiani nisalimieni, mikono yenu bakini nayo.