Ujumbe Nilioufupisha Yoba

Mwezi uliopita nilikwenda Muyinga kununua maharagwe, na nyuma ya soko nikasikia mtu anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nilisimama pale pale na mizigo yangu. Ngoja nikueleze kwa nini, rafiki yangu.

Wakati wa vita tuliishi Yoba, mjini Gitega, mimi na bibi yangu aliyeshona kofia za sala. Ukuta mmoja ulitutenga na jirani, mjane aliyeuza sombe. Harufu ya majani mabichi ilitufikia kabla ya chai. Lakini alianza kutwanga kabla jua halijatoka, na miaka ile kila kishindo cha alfajiri tulidhani ni bunduki. Bibi akishaamka hakupata usingizi tena.

Hakutaka kupiga kelele ukutani. Miguu yake ilikuwa imevimba, basi akanituma mimi, na akanifanya nirudie ujumbe mara tatu: msalimie, mshukuru kwa sombe ya jana, mwambie kishindo kinanitia hofu, kisha muulize kama anaweza kungoja jua, nami nitamsaidia kuchambua majani. Unaona alivyoupanga? Hakumlaumu mtu, alisema linalomsumbua, akaomba, akajitolea.

Wenzangu walikuwa wananisubiri turuke kamba. Nikamwambia jirani nikiwa mlangoni pake, "Bibi anasema uache kutwanga, unatisha watu."

Siku zile, kuambiwa unatisha watu kulikuwa kama kuambiwa uko upande wa wenye bunduki. Jirani aliweka mchi chini. Mimi nikamwambia bibi kwamba jirani amekubali. Bibi akangoja majani ya kuchambua, hayakuja. Wiki haikuisha, jirani akahamia kwa kaka yake Muyinga bila kuaga. Bibi alikufa akijiuliza alimkosea nini.

Aliyekuwa akitwanga nyuma ya soko ni jirani yule, amezeeka. Nilimsalimia, nikajitambulisha, nikampa ujumbe wote hadi mwisho. Alifuta mikono taratibu.

"Kumbe aliniuliza?"

"Alikuuliza, mama."

"Mi ningengoja jua, we mtoto. Kungoja iko na shida gani?"

Pale Yoba nyumba zote mbili zimebomolewa. Mara nyingi nawaona akilini wanawake wale wawili mkekani, wanachambua majani na kutaniana, jua likipanda. Asubuhi hizo hazikuwahi kuwepo, na ndizo ninazozikumbuka kuliko zote.